Makaa Juu ya Chungu cha Wifi

Mpalia cha mwenzie, chake hubaki kibichi.

Bi Kazija, mpishi mkuu wa shule yetu ya bweni, aliitamka methali hiyo Jumamosi moja asubuhi, amesimama mbele yetu na mwiko mkononi. Tulikuwa wanne, wote wa Bweni la Nyati, tumeinamia masinia ya mchele tukichambua mawe, kwa sababu ambazo mwalimu wa zamu alikwisha kuzisoma mbele ya shule nzima na hazina haja ya kurudiwa. Itoshe kusema kwamba siku ya ukaguzi wa usafi tulishughulika mno na uwanja wa bweni la jirani, tukasahau kutandika vitanda vyetu.

"Methali hiyo haimo kitabuni, Bi Kazija," mwenzetu Chande alisema. "Sisi tumezikariri zote. Hiyo umeitunga sasa hivi."

"Kitabu chenu kiliandikwa na watu waliokuwa sebuleni wakingoja kupakuliwa," Bi Kazija akajibu. "Hii ilitoka uani. Mikono iendelee, masikio nipeni mimi."

Methali hii, basi, kwa ushahidi wa Bi Kazija, ambaye aliisikia kwa bibi yake, ambaye naye hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili, ilianza hivi.

Katika mji mmoja mdogo wa pwani, ambao Bi Kazija alikataa kuutaja kwa kuwa wajukuu wa wahusika bado wanaishi huko na ni wakali, palikuwa na nyumba ya seremala aliyeitwa Mzee Mbaruku. Mzee Mbaruku alipofariki alimwacha mkewe, Bi Mwaka, na watoto wawili. Wa kwanza ni Siwema, ambaye ndoa yake ilivunjika akarudi nyumbani kumtunza mama. Wa pili ni Shomari, aliyekwenda Tabora kufanya kazi ya reli, akarudi na vitu viwili: cheti cha ufundi, na mke aitwaye Nyamizi.

Bi Mwaka alikaa eda miezi minne na siku kumi kama ipasavyo. Eda ikaisha, akavua nguo nyeupe, akatoka nje, akaliona jua. Lakini hamu ya kula haikurudi. Asubuhi nusu bakuli la uji, jioni nusu nyingine, basi. Mashavu yake yakaanza kuonyesha mifupa.

Siwema alipigana na hali hiyo kama askari. Alipika samaki wa kupaka. Alipika mkate wa kumimina. Alipika kunde za nazi hadi majirani wakapitapita mlangoni kuulizia vitu ambavyo hawakuvihitaji. Kila mara Bi Mwaka alionja kijiko kimoja, akasema, "Ahsante, mwanangu, nimeshiba," na Siwema akarudisha sahani jikoni ikiwa imejaa.

Halafu siku moja Nyamizi alifungua furushi lililoletwa kutoka kwao Tabora. Ndani mlikuwa na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikakaushwa juani mpaka vikawa vigumu kama kandambili. Alimpa mama mkwe wake kimoja, kwa heshima tu. Bi Mwaka akakitafuna. Akanyoosha mkono akachukua cha pili. Akachukua cha tatu.

Siwema alikuwa mlangoni. Alihesabu. Samaki wa kupaka kijiko kimoja. Viazi vikavu vipande vitatu.

Tangu saa hiyo Siwema hakuwa tena na macho yake mwenyewe. Yote mawili yalihamia kwa Nyamizi. Nyamizi akifagia, Siwema alitazama kama vumbi linamtii zaidi. Nyamizi akimwandalia Bi Mwaka maji ya kuoga, Siwema aliyachovya kidole kuona kama yana moto wa kutosha, na yakiwa sawasawa alikasirika zaidi. Siku Bi Mwaka aliposema, "Huyu mtoto ana mkono mwepesi," Siwema alikwenda chumbani, akaitazama mikono yake muda mrefu, upande wa juu na upande wa chini, asiione kasoro.

"Kwa nini hakumfukuza tu?" aliuliza mmoja wetu.

"Amfukuze kwa kosa gani?" Bi Kazija akasema. "Angalau angekuwa mvivu, Siwema angepona. Ugonjwa wake ni kwamba wifi yake alikuwa mtu mwema. Hakuna kitu kinachomtesa mwenye wivu kama hicho."

Alhamisi moja baada ya Alasiri, familia ikiwa imekaa ukumbini, Bi Mwaka alivuta pumzi, akasema polepole, "Leo nimeamka na hamu. Natamani wali wa kupalia na nyama ya ng'ombe. Ule aliokuwa akiupenda marehemu."

Mama alikuwa ametamani chakula! Shomari alikaribia kulia. Kisha sauti mbili zikasema kwa pamoja:

"Nitakupikia kesho, mama."

Siwema aligeuka taratibu. "Wifi, huko kwenu mnapalia?"

"Hatupalii, wifi," Nyamizi akajibu. "Lakini nimekuona ukipalia mara moja."

"Mara moja! Mimi ndege nimeiona angani mara mia, mbona siirushi?"

"Nitajaribu tu, wifi. Kama haukuiva, tutakula wa kwako."

Jibu hilo lilikuwa la adabu, na kwa hiyo lilimchoma Siwema kuliko tusi. Shomari, ambaye alijenga madaraja mengi ya reli lakini hakupata kujenga moja kati ya dada yake na mkewe, alifanya alilolijua: kesho yake alirudi kutoka sala ya Ijumaa na mafurushi mawili ya nyama yaliyolingana kabisa, hata mifupa, akayaweka uani, akaondoka kwa haraka ya mtu aliyekumbuka ana miadi mahali.

Sasa, wali wa kupalia si wali wa kufunika tu. Kwanza nyama inachemshwa na tangawizi na kitunguu saumu hadi ilainike, inakaangwa na vitunguu, inatiwa nazi nzito. Mchele unachemshwa pembeni hadi uwe nusu mbichi nusu mbivu, kisha unalazwa juu ya nyama ndani ya chungu. Hapo kinawekwa kifuniko cha bati, na juu ya kifuniko yanapangwa makaa ya moto. Chini moto mdogo, juu moto mwingi. Wali unaokwa katikati. Na kuna sheria moja ambayo hata mtoto wa mji ule aliijua: kifuniko hakifunuliwi mpaka wakati wake utimie. Ukifunua kuchungulia, mvuke unatoka na majivu yanaingia. Mpishi hana budi kuamini moto wake.

Siwema alikuwa bingwa wa kupalia. Alipanga makaa yake juu ya kifuniko duara ndani ya duara, yakang'aa kama taji. Kisha, kwa kuwa heshima yake haikumruhusu kuonekana akitazama jiko la mwenzake, alikwenda kisimani kuteka maji.

Huku nyuma Nyamizi alishika koleo, akaweka makaa matano juu ya kifuniko chake. Matano tu. Yakamtia wasiwasi yalivyokuwa mekundu, akafanya kama wanavyofanya kwao usiku ili moto usife hadi asubuhi: akayafunika kwa majivu, bati lote likawa kijivu. Akatulia, akiamini amepalia.

Siwema aliporudi na ndoo, aliona kifuniko cha wifi yake kimefunikwa majivu kutoka ukingo hadi ukingo. Yeye aliyezoea makaa yaliyo wazi alijua maana moja tu ya majivu mengi kiasi hicho: chini yake kuna moto mkubwa ajabu. "Amepalia kwelikweli," aliwaza, na moyo ukamshuka. Halafu harufu ya kile chungu ikamfikia, tangawizi na nazi, na haikuwa harufu mbaya hata kidogo.

Wakati huohuo sauti ya Bi Mwaka ikaita kutoka chumbani:

"Nyamizi! Njoo unisuke, mwanangu."

Nyamizi akanawa mikono, akaenda. Siwema akabaki uani peke yake, na vyungu viwili, na paka mmoja ambaye hadi leo hajahojiwa.

Kutoka dirishani zilikuja sauti. Maneno ya mama hayakusikika vizuri, lakini ilisikika sauti yake ikizungumza, ikizungumza, kama maji yaliyofunguliwa. Kwa Siwema mama hakuwa amesema maneno mengi kiasi hicho tangu msiba. Na nywele zile, nywele za mama yake, alizokuwa akizisuka tangu ana miaka tisa! Siwema alisimama akisikiliza, na ndoo bado i mkononi, maji yakimchuruzikia miguuni.

Akaiweka chini. Akalitazama debe la makaa. Lilikuwa tupu, walikuwa wamegawana yote. Akalitazama taji lake.

Alichukua kaa moja tu. Hilo ni la kukumbukwa, kwa haki yake: alianza na moja. Alilinyanyua kwa koleo kutoka kwenye kifuniko chake, akayafukua majivu ya Nyamizi kidogo, akalizika humo. Moja halitoshi kuunguza wali. Akaongeza la pili. Dirishani Bi Mwaka akasema jambo refu, na Nyamizi akaitikia, "Kweli, mama?" Siwema akahamisha makaa manne kwa mpigo.

"Wangu umekaribia," alijiambia. "Mvuke utamalizia. Mimi si mwanafunzi."

Wataalamu wa jikoni hawajaafikiana kuhusu wakati gani mtu mwenye akili timamu angeacha. Siwema hakuacha. Alihamisha duara la nje, akahamisha duara la ndani. Taji lilipokwisha juu, aliinama akachokoa na makaa ya chini ya chungu chake, akayapandisha nayo. Alipomaliza, alifukia kila kitu kwa majivu ili kisionekane, na kifuniko chake mwenyewe akakinyunyizia majivu ya baridi, kifanane na cha mpishi aliyefanya kazi. Kisha akaketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akaanza kungoja harufu ya kuungua.

Harufu ilikuja. Ilikuwa nzito, tamu, ya nyama na wali vikishikana. "Ndiyo huo unaanza," Siwema akasema, na akajisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku ya matobolwa.

Baada ya Magharibi mkeka ulitandikwa uani. Shomari alirudi kutoka kwenye miadi yake. Bi Mwaka alitoka na nywele zake mpya, akakaa, akanawa. Vyungu viwili vikaletwa mbele yake.

"Mgeni kwanza," Siwema akasema kwa ukarimu uliomshangaza kila mtu.

Nyamizi aliyakokota majivu na makaa ya juu kwa mkupuo mmoja, bila kuyahesabu, akayarudisha yote jikoni, akalifuta bati kwa kitambaa. Akafunua.

Mvuke ulipanda, na Bi Mwaka akafumba macho. Wali ulikuwa umesimama, punje kwa punje, juu umeshika ukoko wa rangi ya dhahabu kutoka ukingo hadi ukingo. Mwiko ulipozama ukoko ulivunjika kwa sauti ndogo, na nyama ikaonekana chini, laini, imekunywa nazi yote. Siwema alijongeza shingo. Akatafuta doa jeusi. Akatafuta tena.

"Na wako, dada," Shomari akasema.

Siwema akafunua, akapakua. Wali ulianguka sahanini ukilia kama kokoto. Shomari, ambaye ubaya wake mmoja ni kutii haraka, alitia tonge kinywani, akatafuna. Ilisikika hadi ukumbini.

"Dada," alisema baada ya kufikiri, "hizi ni punje za kula au shanga za kutunga uzini?"

Lakini hakuna aliyecheka, kwa kuwa Bi Mwaka alikuwa anakula. Alikula tonge la kwanza kutoka chungu cha Nyamizi. Akala la pili. Akavunja kipande cha ukoko kwa vidole, akakitafuna taratibu, na machozi yakamshuka bila kelele.

"Ndivyo ulivyokuwa," alisema. "Hivihivi. Nyamizi, mwanangu, nani kakufundisha kupalia namna hii?"

Nyamizi alikuwa mkweli, na ukweli una wakati wake mbaya.

"Hakuna, mama. Hata mimi nashangaa. Niliweka makaa matano tu."

"Matano?" akasema Siwema.

"Matano, wifi. Niliogopa."

"Haiwezekani. Makaa matano hayaivishi hata yai."

"Sasa umeivaje?" Shomari akauliza, mdomo umejaa.

"Mungu kamsaidia," Bi Mwaka akasema, akachukua tonge jingine. "Ana mkono mwepesi, nilisema mimi."

Hapo ndipo mambo yalipofika. Siwema angeweza kunyamaza. Hakuna aliyemshuku, na paka hasemi. Wali wake ungelaumiwa kwa makaa mabovu, na kesho ingekuja siku nyingine. Lakini alimwona mama yake akila, baada ya miezi yote ile, akila kwa furaha, na shukrani yote ikimwendea mtu mwingine. Hilo alishindwa kulivumilia. Alisimama.

"Mkono mwepesi gani!" alipaza sauti. "Wali huo nimeuivisha mimi! Makaa ishirini na tatu, yote yangu, nimeyahamisha kwa mkono wangu moja baada ya jingine! Matano yake na ishirini na tatu yangu, nani mpishi hapo?"

Mkeka mzima ukamgeukia.

"Kumbe ulimsaidia," Shomari akasema kwa mshangao. "Dada, Mungu akubariki."

"Nimsaidie!" Siwema akafoka. "Nilitaka uungue!"

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe alikaa chini, ghafla, kama aliyekatwa kamba. Nyamizi alitazama mkeka. Shomari aliacha kutafuna.

Kisha sauti ngeni ikasikika pale uani. Ilikuwa kavu, ikikwaruza kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Ilikuwa Bi Mwaka akicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akataka kusema, akashindwa, akacheka tena, na kitambaa cha kichwa kikamdondoka.

"Usinicheke, mama," Siwema akasema, na sasa alikuwa analia. "Mimi nimekupikia miezi yote, hukula. Huyu kakupa viazi vikavu, ukala. Leo umemwita yeye kukusuka. Mimi hukuniita."

Bi Mwaka akafuta macho. "Nikuite wewe? Siwema, ukiwa jikoni hata marehemu baba yako alikuwa haupiti ua huu. Nilimwita huyu ili akupishe, upike kwa nafasi. Na unajua muda wote ule nilikuwa namsimulia nini? Wali wako. Jinsi baba yako alivyokuwa akiramba vidole, akisema mwanangu Siwema atanizika na njaa ya peponi, maana huko sitaupata kama huu."

Siwema akainamisha kichwa. Nadhani hata sisi, wenye majibu ya kila kitu, tungeinamisha.

"Wali huu ni wa Nyamizi," Bi Mwaka akaendelea, "na moto ni wako. Siwezi kuvitenganisha tena, nimekwisha kuvila. Lakini nilikuwa na hamu ya chungu chako, na chungu chako umekinyima moto mwenyewe. Kichukue. Kirudishe jikoni."

"Mama, si umeshiba?" Shomari akauliza.

"Miezi mitano sikuwa na njaa," Bi Mwaka akasema. "Leo ninayo ya vyungu viwili. Nitangoja."

Siwema alijifuta uso kwa upindo wa kanga. Akaurudisha wali chunguni, akanyunyiza maji ya chumvi, akafunika. Nyamizi alifika jikoni kabla yake, akachochea majivu hadi makaa yakaonekana mekundu tena, akamkabidhi koleo kwa mikono miwili.

"Makaa yako haya, wifi," alisema. "Na matano yangu yamo humo humo. Sijui ni yapi."

Siwema akayapanga juu ya kifuniko, duara ndani ya duara. Akakaa mbele ya chungu chake. Nyamizi naye akarudi mkekani, na Bi Mwaka akalaza kichwa mapajani mwake ili amrekebishie mkia mmoja wa nywele uliolegea kwa kicheko.

Mwenye wivu haponi kwa jioni moja. Muda si mrefu shingo ya Siwema ilianza kugeuka, polepole, kuelekea mkekani, aone vidole vya wifi yake vinafanya nini katika nywele za mama, na kaa moja likaanza kuteleza kutoka juu ya kifuniko chake bila yeye kuliona.

Bi Mwaka hakuinua kichwa wala hakufumbua macho.

"Siwema," akaita. "Mpalia cha mwenzie..."

Siwema alishtuka, akaliwahi kaa lile kwa koleo, akalirudisha mahali pake. Akakitazama chungu chake, hicho kimoja tu, akajibu kwa sauti ndogo:

"Chake hubaki kibichi."